Kukana, Kunyima au Kukwamisha Huduma?

Wataalamu wa programu za mikutano kwa njia ya video hutoa tahadhari ya namna moja ambayo, ikifasiriwa vibaya, humpotosha msomaji. Kwa Kiingereza tahadhari hiyo imejengwa juu ya nomino yenye maana mbili: kukataa kwamba jambo ni kweli, na kukataa kumpa mtu kitu. Kiswahili hutenganisha mambo hayo. Mshtakiwa hukana, mchoyo hunyima. Kwa hiyo "ukanaji wa huduma" haufai kabisa, maana hakuna aliyekana neno.

"Kunyimwa huduma" ni afadhali. Lakini anayenyima ni mwenye mali. Karani akisoma kwamba ofisi yake yaweza "kunyimwa huduma", atadhani ada haikulipwa, naye atakwenda kwa mhasibu.

Tutazame tukio lenyewe. Mwezi Julai 2019 ilitangazwa kwamba programu ya Zoom, katika kompyuta za Mac za kampuni ya Apple, iliweka ndani ya kompyuta seva ndogo iliyopokea maombi kwenye mlango namba 19421. Ukurasa wowote wa tovuti alioufungua mtumiaji uliweza kuipelekea seva hiyo maombi. Mwenye nia mbaya angeweza kutuma mfululizo wa maombi ya kujiunga na mkutano wenye namba isiyo sahihi, na kila mara programu ingejitokeza mbele ya skrini na kuisukuma nyuma kazi ya mtumiaji. Kwa njia hiyo hakiibwi kitu wala hakivunjiki; mtu hukaa mbele ya kompyuta nzima asiweze kuandika mstari mmoja. (Kasoro nyingine iliyotangazwa pamoja na hiyo ilikuwa mbaya zaidi: mtu aliweza kuingizwa mkutanoni, kamera ikiwa wazi, bila ya kuulizwa.)

Hali ya kwanza ina neno lake. Jahazi likipanda fungu la mchanga limekwama: halikuzama, halikuibwa, wala nahodha hakunyimwa chombo. Twapendekeza "ukwamishaji wa huduma". "Uzuiaji" nao ulifikiriwa, ila kuzuia aghalabu huhusisha mwenye mamlaka, kama askari azuiavyo gari barabarani.

Limebaki neno la kutajia kasoro yenyewe. Wengi huandika "hitilafu". Lakini mashine yenye hitilafu imekwisha kuharibika, ilhali programu ile iliendesha mikutano vizuri. "Udhaifu" ni neno pana mno. Twaona "mwanya" unatosha: nafasi ambayo adui aweza kuipitia, hata kama hajapita. Asomaye "hitilafu" atangoja programu ikatae kufanya kazi ndipo aite fundi. Asomaye "mwanya" ataelewa kwamba yampasa kuuziba sasa, kwa kuweka toleo lililorekebishwa, ambalo kwa mwanya huo wa Zoom lilikuwa toleo 4.4.2. Wala kuiondoa programu hakukutosha, kwani seva ilibaki nyuma. Tarehe 10 Julai 2019 Apple yenyewe ilitoa sasisho la kuifuta.

Basi iandikwe "mwanya wa ukwamishaji wa huduma", na mtendaji aitwe "mkwamishaji". Kwa ukwamishaji ufanywao na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, "ukwamishaji sambazi" hautupendezi. Kwa sasa twatumia "ukwamishaji wa kundi", na maoni ya wasomaji yatapokelewa.