Kibodi za Mtandaoni na Unakili wa Miswada ya Kiswahili kwa Hati za Kiarabu

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kuenea. Nakala ya Utendi wa Tambuka iliyohifadhiwa Hamburg ni ya mwaka 1728, na miswada mingine mingi imo katika maktaba za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na London. Wahariri wa zamani, kwa kuwa mashine zao za taipu zilikuwa za Kirumi, waliugeuza utungo moja kwa moja katika hati hizo, ilhali maandishi ya asili yakabaki sandukuni. Ndivyo ilivyochapishwa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Siku hizi msomi hana udhuru huo, kwani kibodi za mtandaoni humwezesha kupiga herufi za Kiarabu hata kama tarakilishi yake haina kitufe hata kimoja cha lugha hiyo. Taabu inayosalia ni kwamba kibodi hizo zilitungwa kwa ajili ya lugha nyingine, na kila moja huacha alama yake katika nakala.

Utendaji wake ni mwepesi. Ukurasa wa tovuti huonyesha picha ya kibodi. Mwandishi hubonyeza herufi kwa kipanya, au hutumia vitufe vyake vya kawaida vilivyopewa thamani mpya, kisha hunakili maandishi na kuyabandika katika waraka wake. Kuna aina nyingine ambayo hupokea neno kwa hati za Kirumi na kulikisia kwa Kiarabu. Aina hii haifai kabisa kwa miswada ya Kiswahili, maana hukisia maneno ya Kiarabu, na neno la Kibantu hulisukuma lifanane na la Kiarabu lililo karibu nalo.

Kiarabu hakina herufi za p, ch, g wala v. Waandishi wengi wa kale waliridhika na zilizokuwapo: be ikasimama mahali pa b, p na mara nyingi mb; fe ikawa f na v; ghaini ikabeba g, ng na ng'. Wengine waliongeza nukta na alama ili kutenganisha sauti, na miongoni mwao ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia W. E. Taylor kukusanya tungo za Muyaka bin Haji. Mnakili anayekutana na herufi za namna hiyo aghalabu hukimbilia kibodi ya Kiajemi, kwani humo zimo پ ya p, چ ya ch na گ ya g.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kibodi ya Kiajemi haileti herufi hizo peke yake. Huleta pia kafu na ye za Kiajemi. Katika orodha ya Unicode, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kila herufi ina namba yake: kafu ya Kiarabu ni 0643, ya Kiajemi ni 06A9, ye ya Kiarabu ni 064A, ya Kiajemi ni 06CC. Mwanzoni na katikati ya neno jicho haliwezi kuzitenga. Neno kitabu likipigwa kwa kibodi mbili, كتاب na کتاب, msomaji huona neno moja, lakini mashine huona mawili. Mtafiti atakayeagiza programu imhesabie neno hilo katika tenzi kumi huenda akapewa nusu ya matokeo, na hapatakuwa na dalili yoyote ya kumwonya. Dawa yake ni kuagiza waraka wote ubadilishwe, 06A9 iwe 0643 na 06CC iwe 064A, kabla ya hesabu yoyote kufanywa.

Herufi ya v, yaani ڤ, haimo katika kibodi ya kawaida ya Kiarabu wala ya Kiajemi. Hupatikana katika ya Kikurdi cha Sorani. Wamalai nao wanayo katika hati yao ya Jawi, ila kwao ni p! Irabu ni kazi zaidi. Kasra ilitumika kwa i na e, dhumma kwa u na o, hata toa na tua yakaandikwa sawa, kadhalika lea na lia. Unicode ina alifu ndogo ya chini (0656) na dhumma iliyopinduliwa (0657), ambazo zaweza kutengewa e na o, lakini ni kibodi chache zinazozionyesha.

Hata hivyo uwezo wa kupiga پ si ruhusa ya kuipiga. Pale ambapo mwandishi wa mswada aliweka be, nakala ya kitaalamu haina budi kuweka be, hata kama mizani na maana vyathibitisha kwamba neno ni pata wala si bata. Usomaji wa mhariri mahali pake ni katika safu ya Kirumi iliyo kando. Kwa miswada ya aina hiyo, ambayo ni mingi, kibodi ya Kiarabu yenye herufi chache yatosha, nayo ya Kiajemi yaongeza hatari tu. Kwa miswada iliyoongezewa nukta na alama, yafaa kila nakala itanguliwe na maelezo mafupi ya kibodi iliyotumiwa na namba ya Unicode ya kila herufi isiyo ya Kiarabu, ili atakayeihariri baadaye ajue kama nukta anayoiona ni ya mwandishi au ni ya mashine.