Mwanao akitaka kusomea Mathari, usishtuke

Mwanao amehitimu shahada ya kwanza ya saikolojia. Umechinja mbuzi, jamaa wamekula na kushangilia. Mwezi haujaisha, anakujia na habari nyingine: anataka kurudi chuoni kusomea saikolojia ya kimatibabu. Unashika kichwa. Karo tena? Na majirani watasema nini wakisikia anafanyia mazoezi katika hospitali ya Mathari?

Mzazi, usikasirike kabla ya kusikia. Shahada ya kwanza humfundisha kijana jinsi binadamu anavyofikiri, anavyokumbuka na anavyokua. Haimtayarishi kumketisha mgonjwa na kumtibu. Ujuzi huo hupatikana katika shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili.

Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa masomo hayo, na USIU vilevile. Mwanafunzi huanza darasani, kisha huingia wodini. Hujifunza kumhoji mgonjwa, kumpima kwa maswali maalumu na kumtibu kwa mazungumzo, huku mtaalamu aliyebobea akimsimamia. Mwishowe huandika tasnifu.

Wengi humchanganya mtaalamu huyu na daktari wa magonjwa ya akili. Daktari alisomea udaktari kwanza, na ndiye huandika dawa. Mwanasaikolojia hutegemea sikio, swali na subira. Mara nyingi wawili hao humshughulikia mgonjwa mmoja.

Je, kazi ipo? Waliokuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 wanajua jibu. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 jijini na kujeruhi maelfu. Majeraha ya mwili yalishonwa na kufungwa bendeji. Lakini kuna walioendelea kukosa usingizi na kushtuka kila mlango ulipobamizwa. Hao hawakuwa wendawazimu. Walihitaji mtu aliyefunzwa kuwasikiliza.

Wewe kijana, usilipe karo kwa pupa. Uliza kwanza kama kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza utafanyia mazoezi hospitali gani, na nani atakusimamia. Tangu 2014 Kenya ina sheria inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hivyo haifai mtu kutundika tu kibao mlangoni na kuanza kupokea wagonjwa.

Nawe mzazi, kabla ya kukataa, jiulize swali moja. Siku mmoja wa nyumbani kwako atakapofunga mlango akatae kula na kuzungumza, utamwita nani?