Samaki Mzima Anayebeba Maradhi ya Mwenziwe

Juma hili nataka tuzungumze juu ya maradhi ya samaki wa mabwawani, hasa yale yaletwayo na virusi, na jinsi yanavyotoka kwa samaki wa aina moja kwenda kwa wa aina nyingine. Najua wengi wenu mnakutana na samaki sokoni tu. Lakini siku hizi hata mjini si ajabu kumkuta mstaafu aliyechimba bwawa nyuma ya nyumba kwa kiinua mgongo chake, na asiye na bwawa anakula perege wa kufugwa bila hata kujua.

Mnunuzi wa sokoni ana kipimo chake. Hufunua shavu aone kama ni jekundu, hubonyeza tumbo, hutazama jicho. Hicho ni kipimo kizuri cha kujua kama samaki ni mbichi au amelala. Juu ya virusi hakisemi lolote. Na mfugaji anayenunua vifaranga kwa kuwatazama tu wanavyochezacheza ndani ya ndoo, huyo hajapima kitu.

Twende kwanza Israel, kwenye Ziwa Kinneret, ambalo wasomaji wa Biblia wanalifahamu kwa jina la Bahari ya Galilaya. Tangu mwaka 2009 perege wa ziwa hilo, na wale wa mabwawa ya kufugia nchini humo, walionekana kufa kwa wingi. Macho yaliingia ukungu na ngozi ikatoka vidonda. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba chanzo ni kirusi kipya, ambacho baadaye kilionekana kuwa jamaa wa mbali wa kile cha mafua ya binadamu. Lililonivutia mimi ni jambo jingine. Katika mabwawa hayo perege hakufugwa peke yake. Alichanganywa na mkizi, na pia na samaki aitwaye kapi, ambaye Wakenya wanaovua katika bwawa la Masinga wanamjua vizuri. Perege wakaelea juu ya maji. Kapi na mkizi wakaendelea kula kama kwamba hakuna msiba.

Sababu ni kwamba kirusi hakiwezi kuzaana mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe hai, na seli za kila aina ya samaki zina milango yake. Kinachofungua mlango wa perege huenda kisifungue wa kapi. Mwaka 2018 watafiti wa Thailand waliwadunga kirusi hicho samaki wa aina mbalimbali. Perege waliugua, na pia samaki mmoja wa Asia aitwaye gurami mkubwa, ambaye wala si jamaa wa karibu wa perege. Kapi na kambare wa huko hawakuugua. Kwa hiyo udugu wa samaki peke yake hautoshi kutuambia nani atapatwa.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Kutougua si sawa na kutobeba. Chukueni mfano wa ugonjwa mwingine, wa kapi wenyewe, uliojulikana mwaka 1998 katika Israel na Marekani. Ulisambazwa duniani na biashara ya koi, ambao ni kapi wa mapambo wenye rangi rangi. Mwaka 2003 ulifika Ziwa Kasumigaura huko Japan, na kapi waliokufa walizidi tani 1,000. Sasa yuko yule samaki wa dhahabu, anayewekwa ndani ya vioo sebuleni. Yeye ni wa aina nyingine, na virusi hivyo havimuui. Lakini chembechembe zake zimekutwa mwilini mwake, na katika baadhi ya majaribio kapi waliowekwa naye maji mamoja waliambukizwa. Mfugaji anamtazama huyu mwekundu anang'aa, anasema huyu ni mzima, mtieni bwawani.

Ugonjwa huo wa kapi una tabia nyingine inayostahili kuelezwa. Huua maji yakiwa na joto la nyuzi 18 hadi 28 hivi. Yakifika 30 hutulia. Wafugaji wa Israel walitumia werevu: waliwaweka kapi wadogo pamoja na wagonjwa kwa siku 3 hadi 5, kisha wakawahamishia kwenye maji ya nyuzi 30. Waliopona walipata kinga. Werevu mzuri, lakini mimi nisingenunua samaki hao. Aliyepona anaweza kubaki na kirusi kimejificha mwilini, na akichanganywa na wageni wasio na kinga, msiba huanza upya.

Tena maji hayana ukuta. Sisi tukiugua mafua tunaweza kujitenga chumbani. Samaki mgonjwa hutoa virusi katika kinyesi na katika ute wa ngozi, na maji hayo hayo ndiyo wenziwe wanayapitisha kwenye mashavu kutwa kucha ili wapate hewa. Akizidiwa, huogelea pole pole na kuliwa na wengine. Wavu uliotoka bwawa la juu ukiingizwa bwawa la chini ukiwa bado umelowa, umebeba barua.

Kuna na njia ya chakula. Huko Denmark samaki wa mito aitwaye trauti alisumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa uliopewa jina la kijiji cha Egtved. Wafugaji walikuwa wakiwalisha samaki wabichi wa baharini, na wataalamu wanaamini kirusi kilivuka kwa mlango huo, kutoka kwa samaki wa chumvi hadi wa maji baridi. Ugonjwa ule ni wa nchi za baridi, lakini njia ni ile ile kwa yeyote anayewatupia kambare wake matumbo mabichi kutoka sokoni. Yachemsheni kwanza.

Na kwetu je? Mwaka 2018 ilitolewa taarifa kwamba dalili za maabara za kile kirusi cha Kinneret zimepatikana kwa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, wa ziwani na wa kufugwa. Samaki hao hawakuonekana wagonjwa. Wapo watakaosema, basi tatizo liko wapi? Mimi naona hilo ndilo tatizo. Samaki wa ziwani ana nafasi. Wa kizimbani amesongamana na wenziwe, amechoshwa na safari ya ndoo na lori, na hewa ya majini humpungukia alfajiri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa tahadhari juu ya kirusi hiki mwezi Mei 2017, likiwaomba wanaonunua na kuuza vifaranga wawe macho. Mlaji asihofu, kwa maana hakimdhuru binadamu. Anayeumia ni yule mstaafu wetu.

Kwake nina maneno machache. Muulize muuzaji vifaranga wametoka wapi, na kama wamewahi kupimwa maabara. Wageni wakae peke yao majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa, hata wawe wazuri namna gani, na wawe wa aina yoyote. Wavu uanikwe juani ukauke kabisa. Bwawa likishavuliwa, likaushwe na kunyunyiziwa chokaa. Waliokufa wazikwe shimoni mbali na maji. Kuwatupa mtoni ni kumpelekea jirani wa chini, na mtoni kuna perege wengine ambao hawana mfugaji wa kuwaangalia.