Namna chembe nyeupe za damu zinavyotembea

Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Lakini askari asiyetembea atasaidia nini? Mwaka wa 1974, munganga Thomas Stossel wa Boston, kule Marekani, pamoja na wenzake, alieleza habari za mtoto mchanga aliyeugua mara kwa mara: chembe alikuwa nazo, lakini aktini, yaani proteini inayofanya nyuzi za kuzisukuma, haikuungana vema. Mwaka wa 1975 yeye na John Hartwig, wakichunguza chembe za mapafu ya sungura, walipata proteini inayofunga nyuzi hizo, hata maji ya ndani yakawa mazito kama uji uliopoa. Mwaka wa 1979, pamoja na Helen Yin, akapata jelsolini, inayozikata kalsiumu ikiongezeka. Ndivyo chembe inavyojikaza, inavyojilainisha, na kusonga.