Kuumwa na Moyo: Sonona na Maradhi ya Moyo

Kiswahili kimeufanya moyo makao ya hisia: mtu huvunjika moyo, hutiwa moyo, husema moyo unamuuma. Kauli hii ya mwisho ina utata. Mkulima wa Ruiri, kule Buuri katika Kaunti ya Meru, akiitamka mbele ya tabibu, aeleweke kuwa ana maumivu ya kifua au ana majonzi? Utabibu wa kisasa ulizoea kuyatenga mawili haya. Utafiti umeyakurubisha tena.

Mwaka 1993, Nancy Frasure-Smith na wenzake mjini Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 222 walionusurika shambulio la moyo. Katika miezi sita, wenye sonona walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi, hata baada ya uzito wa maradhi yao ya moyo kuzingatiwa. Mwaka 2004, utafiti wa INTERHEART uliohusisha nchi 52, Kenya ikiwamo, uliihesabu misukosuko ya nafsi, sonona ikiwa mojawapo, pamoja na sigara, kisukari na shinikizo la damu.

Sonona si huzuni ya siku moja. Hudumu kwa majuma, ikimpokonya mtu hamu, usingizi na nguvu. Homoni za msongo hubaki juu, mapigo ya moyo hupoteza wepesi wa kubadilika, chembe sahani za damu hugandamana kwa urahisi, na uvimbe wa ndani huathiri mishipa. Tena mgonjwa huacha dawa, hukaa kitako, huvuta sigara. Uhusiano huu huenda pande zote mbili, kwani shambulio la moyo nalo huzaa sonona.

Hata hivyo, wapo wanaovuka mpaka wa ushahidi. Utafiti wa ENRICHD wa mwaka 2003, wenye wagonjwa 2,481, ulionyesha kuwa tiba ilipunguza sonona bila kupunguza vifo. Sonona inastahili kutibiwa kwa kuwa yenyewe ni ugonjwa.

Kwa wanaisimu, kikwazo kimo katika istilahi. Sonona, unyogovu na mfadhaiko hushindana vitabuni, ilhali mzee wa Ruiri huenda asitumie hata moja. Maswali mawili humfikia bila istilahi: je, katika majuma mawili yaliyopita amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda? Je, amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akikubali, aulizwe zaidi. Na kifua chake kipimwe vilevile, kwa maana huenda kauli yake ina maana zote mbili.