Kuruka bila injini: jinsi klabu za glaida zinavyofundisha watu urubani

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa juu ya Kanada, na injini zake zote mbili zikazimika. Ndani yake walikuwamo watu 69. Mafuta yalikuwa yamepimwa vibaya kabla ya safari, kwa kuchanganya vipimo vya pauni na vya kilo. Nahodha Bob Pearson aliishusha ndege hiyo kubwa bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi mjini Gimli, na hakuna aliyekufa. Pearson alikuwa na ujuzi ambao marubani wengi wa ndege za abiria hawana: alikuwa pia mzoefu wa kurusha glaida, yaani ndege ndogo isiyo na injini.

Katika makala haya tunaeleza jinsi glaida inavyokaa angani, na jinsi mtu wa kawaida anavyojifunza kuirusha. Mfano wetu ni klabu za Uingereza, kwa sababu huko mchezo huu una umri mrefu. Chama cha kitaifa cha glaida kilianzishwa mwaka 1929, na klabu ya London, ambayo uwanja wake uko Dunstable chini ya vilima, ilianza mwaka 1930.

Kwa nini haianguki?

Glaida ikiwa katika hewa tulivu inashuka muda wote, kama baiskeli inayoteremka mlima bila mtu kupiga pedali. Mteremko unaipa mwendo, mwendo unapitisha hewa kwenye mabawa, na hewa hiyo ndiyo inayoibeba. Ila mteremko wake ni mdogo sana. ASK 21, glaida ya Kijerumani inayotumika sana kufundishia, ina mabawa ya mita 17 kutoka ncha hadi ncha. Kila inaposhuka mita moja, inasogea mbele mita zipatazo 34. Ikiachiwa mita 600 juu ya ardhi, inaweza kufika kilomita 20 hivi kabla ya kugusa chini.

Ili ikae juu zaidi, rubani hutafuta hewa inayopanda haraka kuliko ndege yake inavyoshuka. Hewa hiyo sisi tunaoishi mashambani tunaijua. Mchana wa kiangazi, shamba lililolimwa au eneo la mawe hupata joto upesi kuliko msitu au bwawa. Hewa iliyo juu yake inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda. Ndiyo hiyo inayoinua kisulisuli cha vumbi, na ndiyo inayombeba tumbusi akazunguka nusu saa bila kupiga bawa. Rubani wa glaida hufanya kama tumbusi: akiipata anazunguka humo humo, na kila mzunguko unampandisha. Juu zaidi hewa hiyo hupoa na kufanya wingu jeupe kama pamba. Kwa hiyo rubani huyatazama mawingu hayo kama mvuvi anavyotazama maji.

Mfano huu wa tumbusi umefanyiwa utafiti hapa Afrika Mashariki. Mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Serengeti angani, akitumia glaida yenye injini ndogo ya kusaidia, ili apime jinsi wanavyoitumia hewa ya moto kusafiri masafa marefu.

Inapandaje kutoka chini?

Njia mbili hutumika zaidi. Ya kwanza ni kuvutwa na ndege yenye injini mpaka kimo cha kutosha, kisha rubani wa glaida anaachia kamba. Ya pili ni winchi. Mashine hiyo hukaa upande wa pili wa uwanja, mara nyingi umbali wa kilomita moja hivi, ikiwa na injini na pipa la kukunjia kamba. Inapokunja kamba kwa kasi, glaida hupaa kama tiara anayokimbia nayo mtoto. Kwa muda usiofika dakika moja huwa imefika mita 300 au zaidi, na kamba inaachiwa.

Winchi ni nafuu kuliko kuvutwa na ndege. Lakini rubani asipopata hewa inayopanda, safari yote huisha kwa dakika chache. Mwanafunzi huenda akakaa uwanjani kutwa nzima akaruka mara tatu tu.

Muda uliobaki anafanya nini?

Anafanya kazi. Hapo ndipo klabu inapotofautiana na shule ya kulipia. Glaida haiwezi kujiendesha yenyewe ardhini wala kupaa bila msaada. Lazima awepo wa kuisukuma mpaka mstarini, wa kufunga kamba, wa kushika ncha ya bawa na kukimbia nayo hatua chache, wa kumpa ishara mwendesha winchi, wa kuandika muda, na wa kurudisha kamba kwa gari. Kila anayeruka ameshikiwa bawa na mwenzake, naye akitua atamshikia mwingine.

Katika klabu nyingi za Uingereza walimu ni wanachama wanaofundisha bila mshahara. Kwa hiyo mgeni anayefika asubuhi na mapema, akaandikisha jina na kusaidia kutoa ndege bandani, hapati shida ya kukaribishwa. Chai ipo, na maswali yanajibiwa wakati watu wanasubiri zamu. Mwanafunzi hujifunza mengi hapo: anaona upepo ukibadilika, anaona nani ametua vizuri na nani ameruka juu sana.

Mafunzo yenyewe

Mwanafunzi hukaa mbele na mwalimu nyuma yake, na kila mmoja ana usukani wake. Kwanza anafundishwa kwenda sawa na kukata kona. Kwenye kioo mbele yake kumebandikwa kipande cha uzi wa sufu. Uzi ukilala sawa, ndege inakwenda vizuri. Ukipinda, mkono na miguu havielewani. Kifaa hicho hakigharimu karibu chochote, na glaida za bei kubwa kabisa zinacho.

Kisha yanakuja masomo mazito. La kwanza ni mwendo. Rubani akiinua pua ya ndege kupita kiasi, mwendo unapungua mpaka mabawa yanashindwa kuibeba. Dawa yake ni kushusha pua ili mwendo urudi, hata kama moyo unataka kuivuta juu. La pili ni kamba kukatika wakati wa kupaa. Mwalimu huachia kamba makusudi, bila kumwambia mwanafunzi, na mwanafunzi lazima ashushe pua papo hapo, apate mwendo, ndipo aamue kama atatua mbele moja kwa moja au atazunguka. Hili hurudiwa mpaka mkono utende wenyewe, kwa sababu ikitokea kweli hakuna muda wa kufikiri.

La tatu ni kutua. Rubani wa ndege yenye injini akikosea, huongeza moto, akapanda na kujaribu tena. Wa glaida hana nafasi hiyo. Kwa hiyo huanza kupanga kutua angali juu, mita 200 na zaidi, huku uwanja ukiwa karibu. Ana breki za hewa, vibao vinavyoinuka juu ya mabawa, za kumsaidia kushuka akiwa juu mno. Akiwa chini mno hana cha kumwongezea kimo. Walimu hulirudia neno hili kuliko yote: amua mapema, ungali na kimo cha kuchagua.

Ikishindwa kufika nyumbani

Marubani waliokomaa husafiri mbali, na siku nyingine hewa inawaishia njiani. Hapo hutua shambani kwa mtu. Wamefundishwa kuchagua shamba lililokwisha kuvunwa, lisilo na mifugo, nyaya za umeme wala mteremko mkali. Wakishatua, kazi ya kwanza ni kumtafuta mwenye shamba, kujieleza, na kukubaliana naye kama kuna kilichoharibika. Kisha wenzake wa klabu wanakuja na tela, wanachomoa mabawa na kuipakia. Mkulima aliyefuatwa kwa adabu humpokea vizuri hata rubani wa siku nyingine.

Nani anaweza kujifunza?

Uingereza mtu anaruhusiwa kuruka peke yake akiwa na miaka 14, mwalimu akiridhika naye. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, leseni ya glaida hutaka angalau saa 15 za mafunzo angani na kupaa mara 45, pamoja na mitihani ya darasani. Muda wa kuruka peke yake kwa mara ya kwanza hutofautiana. Anayekuja kila wiki hufika mapema kuliko anayekuja mara moja kwa mwezi, maana mkono husahau.

Gharama ipo. Kuna ada ya uanachama, malipo ya kila kupaa na ya dakika za ndege. Lakini kwa kuwa walimu hawalipwi na kazi za uwanjani zinafanywa na wanachama, huwa nafuu kuliko kujifunza ndege yenye injini.

Na kwetu?

Afrika Mashariki mchezo huu ni mdogo sana, ingawa glaida zimewahi kuruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri nchini Kenya. Tunajua wapo vijana vijijini wanaounda ndege zao kwa mbao, mabati na injini za pikipiki. Bidii hiyo tunaiheshimu. Tunawaomba wakumbuke habari ya Otto Lilienthal wa Ujerumani. Aliruka kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe mara zipatazo 2,000, akijua kuliko yeyote wa wakati wake, na bado alianguka Agosti 1896 akafa siku iliyofuata. Hakuwa na mwalimu aliyekaa nyuma yake.

Kwa hiyo kijana mwenye hamu asianze kwa kuruka kutoka juu ya paa au kilimani. Aunde mfano mdogo wa karatasi au mbao nyepesi, aurushe, abadilishe bawa, aone tofauti. Ashike hesabu na fizikia. Na akipata nafasi ya kufika kwenye klabu au chuo chochote cha urubani, aulize kwanza kama mwalimu ana leseni na kama ndege imekaguliwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Klabu nzuri itamjibu bila kukasirika, kisha itamwomba ashike bawa.