Mwalimu Arudiye Chuoni Atangulize Swali

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wahenga waliunena msemo huu wakiwawazia mabaharia, lakini mimi hunijia kila ninapowaona walimu walioaga chuo kikuu miaka kumi au ishirini iliyopita wakirejea kuomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili. Hurejea kwa bidii na kwa haya kidogo. Mkononi huwa na bahasha iliyojaa nakala za vyeti: cha kidato cha nne, cha shahada ya kwanza, cha usajili wa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Vyote hivyo vinahitajika. Hata hivyo, kwa kadiri ninavyoyasoma maombi hayo katika idara ninakofundisha isimu, kitu kinachokosekana mara nyingi hakimo katika orodha ya fomu. Nacho ni swali ambalo mwombaji amekuja kulitafutia jibu.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Mwalimu anayetaka kurudi chuoni aanze na swali, na swali hilo alitoe darasani mwake, kabla hajaigusa fomu wala kulipa ada ya maombi. Asipofanya hivyo anaweza kupata nafasi, akalipa karo, akafaulu mitihani, na bado asihitimu.

Siwalaumu walimu wanaorudi kwa kutaka cheo. Mshahara wa mwalimu si siri, na hamu ya kuuboresha si dhambi. Ila ikumbukwe kwamba miongozo ya kupanda vyeo ambayo TSC ilianza kuitumia 2018 haikuifanya shahada ya ziada kuwa tiketi ya kupandishwa cheo moja kwa moja. Walimu wengi wamelilalamikia jambo hilo, na pengine wana haki. Lakini maadamu hali ni hiyo, anayetegemea cheti peke yake kimrudishie gharama zake anafanya biashara ya kubahatisha.

Tazama jinsi shahada ya uzamili ilivyo katika vyuo vyetu. Kwa kawaida hupangiwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza ni ya masomo ya darasani: kuna ratiba, kuna mhadhiri, kuna mtihani wa mwisho wa muhula. Mwalimu huyamudu haya bila taabu kubwa, kwa kuwa maisha yake yote ameishi kwa kengele. Sehemu ya pili ni ya tasnifu, na tasnifu haina kengele. Hakuna anayekuuliza Jumatatu asubuhi ulikokuwa Ijumaa. Hapo ndipo wengi hukwama. Yule aliyeingia bila swali huanza kulitafuta wakati karo inahesabiwa. Leo huleta mada hii, kesho huleta ile. Miaka miwili huwa minne, minne huwa saba. Muda wote huo mkopo wa chama cha akiba unakatwa kwenye mshahara, na watoto nyumbani nao wanadaiwa karo yao. Nimewaona watu hodari walioacha masomo wakiwa wamebakisha tasnifu tu. Neno “tu” hapo ni la kikatili.

Swali jema hutoka wapi? Nitatoa mfano kutoka taaluma yangu, ingawa mwalimu wa Hisabati au wa Jiografia anaweza kuupata wake kwa njia iyo hiyo. Waombaji wengi wa Kiswahili huandika mada kama hii: “Matatizo ya Kiswahili katika shule za upili nchini Kenya.” Hiyo si mada ya mtu mmoja wala ya miaka miwili; ni malalamiko. Lakini mwalimu huyo huyo amesikia mara elfu mwanafunzi wa kidato cha pili akimwambia mwenzake, “Nipe kitabu yangu,” kisha akaona katika daftari la mwanafunzi yuyo huyo “kitabu changu”, limenyooka kama alivyofundishwa. Kwa nini kinywa kiseme hivi na kalamu iandike vile? Naam, hilo ni swali.

Angalia jinsi linavyofungua milango. Yapo maelezo ya zamani kwamba makosa ya mwanafunzi huletwa na lugha ya mama. Huo ndio uliokuwa mwelekeo wa Robert Lado na wenzake katika miaka ya 1950. Baadaye, mwaka wa 1967, Pit Corder alitufunza kuyatazama makosa kama dalili ya kanuni ambazo mwanafunzi mwenyewe anajijengea kichwani. Kisha kuna William Labov, ambaye uchunguzi wake wa New York uliochapishwa 1966 ulionyesha kwamba mtu yule yule hubadilisha usemi wake kulingana na anavyoutilia maanani. Kwa mtazamo huo wa mwisho, huenda “kitabu yangu” si kosa hata kidogo. Huenda ni kanuni ya Kiswahili kingine cha mitaani na mabwenini, nacho “kitabu changu” ni vazi la mtihani.

Ni maelezo gani yaliyo sahihi? Hapa mwalimu ana mtaji ambao kijana aliyehitimu juzi hana. Gikuyu na Kikamba ni lugha zenye ngeli na upatanisho kama Kiswahili, ilhali Dholuo haina mfumo wa namna hiyo. Iwapo kosa ni la lugha ya mama pekee, tungetarajia lisikike sana Siaya na lisisikike kamwe Nyeri au Machakos. Mwalimu aliyewahi kuhamishwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine, uhamisho ambao huenda aliulilia wakati ule, amekwisha kusikia kwa masikio yake kile ambacho mtafiti mgeni angehitaji fedha na miezi kukikusanya. Kilichobaki ni kukipima kwa utaratibu. Ndiyo maana nasema kwamba miaka ya kufundisha si pengo katika wasifu wa mwombaji. Ni ghala.

Ghala, lakini, halijipiki likawa chakula. Mwalimu aliyekaa nje ya chuo kwa muda mrefu anajua mengi kuhusu wanafunzi na machache kuhusu yaliyoandikwa tangu aondoke. Basi ajipe miezi sita ya kusoma kabla ya kuomba nafasi. Aende maktaba ya chuo anachokitaka, au afungue hazina yake ya tasnifu katika intaneti, asome tasnifu tatu zilizokubaliwa na idara hiyo miaka ya karibuni. Asizisome kwa kutafuta majibu, bali kuona jinsi swali lilivyoulizwa, jinsi data ilivyokusanywa na mahali mwandishi alipokiri kwamba hakufika. Anayevutiwa na lugha ya vijana, kwa mfano, asiache kuisoma makala ya Abdulaziz na Osinde ya 1997 kuhusu Sheng na Engsh, kisha atafute waliowafuata na waliowapinga. Na kila asomapo aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Kalamu ya mwalimu huzoea maandalio ya somo na maoni ya pambizoni. Hoja ya kurasa ishirini huhitaji mazoezi mapya.

Akishakuwa na swali na usomaji huo, maombi yenyewe huwa mepesi. Aandike maelezo ya kurasa mbili: nauliza nini, nani wamewahi kulijibu na wakaishia wapi, nitakusanya nini, wapi na kwa muda gani. Kisha atazame ni mhadhiri gani katika idara anayeshughulikia uwanja huo, asome angalau makala yake moja, na amwandikie barua fupi ya heshima. Kuhusu wadhamini, ni kweli kwamba wahadhiri wake wa zamani wamestaafu, wamehama au wamemsahau. Yule atakayepatikana na apelekewe nakala ya matokeo pamoja na zile kurasa mbili, ili awe na la kusema. Barua ya mwalimu mkuu husaidia kuthibitisha uadilifu na bidii, lakini idara hutaka pia mtu atakayeshuhudia uwezo wa kufikiri.

Kuna na maswali ya mfuko na ya sheria, na yaulizwe mapema. Je, likizo ya masomo itapatikana, au ni lazima asome katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba huku akifundisha? Je, atakayechelewa kumaliza hutozwa kiasi gani kila mwaka? Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa 1995, imekuwa ikiwakopesha pia wanafunzi wa uzamili. Masharti yake yasomwe kabla ya kuuza ng’ombe. Aidha, utafiti huhitaji kibali cha maadili na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na wahojiwa wakiwa wanafunzi wenye umri mdogo, idhini ya wazazi wao ni lazima. Anayeyajua haya mapema huyapangia muda. Anayeyagundua njiani huyaita mkosi.

Nisingekuwa mkweli lau ningewapa walimu mzigo huu wote na kuvisitiri vyuo. Sisi wahadhiri tunawajibika pia. Zipo idara ambazo zimewahi kupokea wanafunzi wengi kuliko wasimamizi waliopo. Wapo wasimamizi wanaokaa na sura moja ya tasnifu mpaka mwandishi wake anasahau aliandika nini. Kwa hiyo mwombaji ana haki ya kuuliza, tena kwa sauti: nani atanisimamia, ana wanafunzi wangapi sasa, na hurudisha kazi baada ya muda gani? Idara inayoudhika kwa maswali hayo imekwisha kuyajibu.

Fauka ya hayo, kukwama huku kumezaa soko. Wapo wanaojitangaza waziwazi kwamba watamwandikia mtu tasnifu kwa malipo, na siku hizi zipo programu za kompyuta zinazotoa sura nzima kwa dakika chache. Mwalimu aliyechoka, mwenye mkopo na asiye na swali, ndiye mteja wao. Mwenye swali lake haendi huko. Hawezi kumlipa mgeni amjibie jambo linalomnyima yeye usingizi, na mbele ya watahini atasimama akilieleza kama mtu anayeeleza shamba lake.

Basi, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaohitimu mwaka huu mkiwa na nia ya kurudi siku za usoni: nunueni daftari moja lisilo la maandalio ya somo. Kila wiki andikeni jambo moja mlilolisikia au kuliona darasani ambalo kitabu cha kozi hakilielezi. Andikeni tarehe, kidato na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote 2019, umeleta mambo mengi ambayo hakuna mtafiti aliye karibu nayo kuliko mwalimu aliye darasani. Baada ya mihula mitatu lisomeni daftari hilo tangu mwanzo. Jambo litakalokuwa limejirudia na kuwasumbua mara nyingi kuliko yote, anzeni nalo. Fomu itafuata.